Redio si pambo: acheni kurundika mitambo juu ya spika

Kimya changu kilikuwa cha TP, nimerudi salama, koo limekauka kwa vumbi la chaki lakini roho ipo. Nimekuta bumu limeingia, na nyie wenyewe mnajua bumu likiingia nini kinafuata kwenye ngazi za bweni letu... maboksi ya sabufa yanapandishwa juu! Wiki hii peke yake nimepishana na matano, na sijahesabu yaliyopita usiku.

Sina ugomvi na sabufa jamani, nazipenda. Ugomvi wangu unaanza boksi likishafunguliwa. Mtu anaisukuma sabufa mpaka kona ya chumba, spika zake mbili ndogo anazipandisha juu yake zimebanana kama abiria wa daladala, juu ya spika anaweka deki, juu ya deki laptopu, na juu ya vyote kitambaa ili vumbi lisiingie. Mnara wa Babeli! Kisha anafungulia mpaka mwisho na kutuambia tusikie mziki mnene. Ndugu yangu, hapo hatusikii mziki, tunasikia kabati linatetemeka.

Msimamo wangu ni huu: spika zikae pale masikio yanapotaka, na mitambo mingine yote, yaani amplifaya, deki, pleya ya santuri, laptopu na mazagazaga yake, ikae pembeni. Isikae juu ya spika hata siku moja, na isikae katikati ya spika kama kuna pengine pa kuiweka. Najua wapo watakaosema huyu naye UE inakuja yeye anaongelea redio. Subirini kidogo. Humu kuna pesa zenu, kuna ujirani, na kwa sisi walimu watarajiwa kuna kazi yetu ya kesho.

Tuanzie kwenye swali la kitoto: kwa nini spika ziko mbili? Wengi nikiwauliza wananiambia ni ili sauti iwe kubwa. Hapana. Sauti kubwa ungeipata hata kwa spika moja nene. Mwaka 1931 injinia mmoja wa Uingereza, Alan Blumlein wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya kurekodi na kupiga sauti kwa njia mbili, ili msikilizaji aone kwa masikio vitu vilipo. Sahani za namna hiyo zikaanza kuuzwa madukani mwaka 1958. Hiyo ndiyo stereo. Mtu una masikio mawili, na ubongo unapima tofauti ndogo ndogo baina yake ili ujue mbwa anabweka upande gani. Spika mbili zikikaa vizuri zinaudanganya ubongo uone gita liko kushoto, ngoma ziko nyuma, mwimbaji kasimama katikati mahali ambapo hakuna spika kabisa! Ukizibananisha juu ya sabufa umeua kitu hicho chote. Umelipia spika mbili, unasikiliza moja.

Kanuni yake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano anaichora: pembetatu yenye pande tatu sawa. Spika moja kona hii, nyingine kona ile, wewe kona ya tatu. Kwenye geto letu la kawaida, ambapo vitanda vimekula nusu ya chumba, spika zikiwa zimeachana mita 1.5 na wewe umekaa mita 1.5 kutoka kila moja, inatosha kabisa. Zielekee kwako kidogo, na ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, kwa sababu sauti nyembamba zinakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Spika ikiwa sakafuni, hizo nyembamba zinaimbia magoti.

Na umbali uwe sawa kweli, siyo kwa kukadiria. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo spika moja ikiwa karibu nawe kwa sentimita 34 zaidi ya mwenzake, sauti yake inafika milisekunde 1 mapema. Utasema milisekunde ni nini bwana? Ubongo haudharau. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas aliandika tasnifu nzima juu ya jambo hili: sauti ileile ikija kutoka pande mbili, ubongo unaamini ile iliyotangulia na kuiweka sauti yote upande huo. Hivyo mwimbaji wako anahama katikati na kwenda kukaa kwenye spika iliyo karibu. Chukua kamba ya viatu, pima. Haina gharama.

Sasa ndiyo tuje kwenye mitambo. Kwa nini nasema isikae katikati? Kwa sababu katikati ya spika ndipo mwimbaji anaposimama. Ukijaza hapo deki, amplifaya na kabati la kioo, sauti inayotoka kwenye spika inagonga yale masanduku na vioo, inarudi kwako imechelewa kidogo, inachanganyika na ile ya kwanza, picha inakuwa na ukungu. Anayebisha afanye jaribio moja. Atoe vitu vyote katikati, asikilize wimbo anaoujua sana, avirudishe, asikilize tena. Nimefanya hilo na wenzangu wa chumbani na hata yule ambaye ndiye mbishi wa bweni zima alinyamaza.

Najua kuna TV. TV haina pa kwenda, picha inatakiwa itoke mbele yako, sawa. Hapo dawa yake ni kuvuta spika mbele, nyuso zake ziwe mbele ya kioo cha TV na mbele ya ukingo wa meza au kabati. Sauti ikitoka haikuti ukuta wa kugonga. Ni suala la sentimita kumi na tano au ishirini tu. Hayo mengine, deki na amplifaya, yashuke chini au yaende pembeni. Deki haiimbi jamani, haina sababu ya kukaa jukwaani.

Kuweka vitu JUU ya spika ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu hapo unaweza kupoteza kitu usichokipata tena. Nina mjomba Morogoro, mpenzi wa dansi tangu ujana wake, ana santuri ambazo hakuna duka linaloziuza leo, zikiwemo za Mbaraka Mwinshehe aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Pleya yake ilikuwa imekaa juu ya spika kubwa la mbao, na kila mjomba akiongeza sauti inatokea ngurumo, uuuuu, inapanda mpaka anazima. Mafundi wawili walishamla pesa, mmoja akambadilishia sindano. Ugonjwa haukuwa kwenye sindano. Fikirini: sindano ya santuri kazi yake ni kuhisi mitikisiko kwenye mfereji ambao upana wake unakaribiana na unene wa unywele. Haijui huu mtikisiko ni wa gita na huu ni wa sanduku lililo chini. Spika likitetemeka, sindano inausoma mtetemo huo kama mziki, inaupeleka kwa amplifaya, amplifaya inaukuza na kuurudisha kwa spika, spika inatetemeka zaidi, na duara linazunguka hivyo mpaka mngurumo. Na sindano ikiruka inakwangua santuri. Tulipigilia rafu ukutani, upande wa pili wa chumba, pleya ikahamia huko, ngurumo ikaisha siku hiyohiyo. Gharama ilikuwa ubao mmoja, vyuma viwili vya kona na misumari. Mzee wa watu alikaa kimya wimbo mzima halafu akauliza, kumbe hapa kuna mtu anapiga manyanga?

Msiseme santuri ni mambo ya wazee. Wengi wenu muvi na noti zote za masomo ziko kwenye eksteno, na eksteno iko wapi? Juu ya sabufa! Ndani ya eksteno za kawaida mnazunguka sahani, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno na sahani bila kuigusa. Mwaka 2008 injinia Brendan Gregg wa Sun Microsystems alirekodiwa kwenye video akizipigia kelele diski kwa mdomo wake, na kwenye skrini ikaonekana wazi zimechelewa kufanya kazi wakati anapiga kelele. Kwa mdomo tu! Sasa wewe unaiweka juu ya boksi linalotikisa mpaka vikombe. Flashi na diski za kisasa zisizo na sahani hazina tatizo hilo, lakini eksteno nyingi nilizoziona humu bwenini ni zile za sahani. Tasnifu ya mtu iko humo. Na wale wenye kaseti za kwaya au za harusi ya wazazi wenu, spika ina sumaku nyuma, na kaseti imerekodiwa kwa sumaku. Msizihifadhi pamoja.

Halafu joto. Hapa ndipo pesa ya bumu inapoungua kihalisi. Amplifaya ya kawaida haigeuzi umeme wote kuwa mziki, sehemu kubwa inakuwa joto, na ndiyo maana nyuma au juu yake kuna matundu na vile vyuma vyenye mapezi. Kuna kanuni ya mafundi kuhusu kapasita, zile pipa ndogo ndani ya redio: joto likipanda kwa nyuzi 10, maisha yake yanapungua kama nusu. Haya, kwenye mji wa joto kama Dar, kwenye chumba chenye feni moja inayozunguka kwa huruma, wewe unaibana amplifaya baina ya ukuta na deki na kuifunika kitambaa. Halafu baada ya miezi minane inaanza kukoroma unasema ni feki. Inawezekana ni feki kweli, ila na wewe uliinyonga. Iache ipumue, sentimita kumi kila upande, juu pawe wazi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa, siyo kufunikwa kwa kitambaa kinachokaa redio ikiwa imewashwa.

Na nikiwa hapohapo, msidanganyike na ile namba kubwa kwenye boksi. Imeandikwa PMPO wati elfu kumi na kitu, mtu anasema hii itabeba ukumbi. Geuza nyuma, soma ile karatasi ndogo ya matumizi ya umeme. Kama imeandikwa inakula wati 60, basi haiwezi kutoa sauti ya wati zaidi ya 60 mfululizo, nguvu haiumbwi kutoka hewani, hiyo tulifundishwa fomu tu. PMPO haina kipimo cha pamoja, kila mtengenezaji anajiandikia. Kwa hiyo kile kisabufa chako ni mashine ndogo, na mashine ndogo inahitaji kupangwa vizuri kuliko kubwa.

Hoja ambayo nimeisikia sana ni ya waya. "Waya zilizokuja na sabufa ni fupi, ningefanyaje?" Kweli ni fupi, na hicho ndicho kinachotufanya wote tuzibananishe. Lakini waya wa spika si kitu cha kutisha. Nenda duka la vifaa vya umeme, nunua waya pacha wa milimita za mraba 1.5. Tufanye hesabu: mita 5 kwenda na mita 5 kurudi ni mita 10 za shaba, ukinzani wake ni takriban omu 0.12. Spika ndogo ina omu 4. Kwa hiyo waya unakula kama asilimia 3 tu, sikio lako halitajua. Ila angalieni mambo mawili. La kwanza, unganisha redio ikiwa imechomolewa kwenye soketi, na maungio yafungwe tepu yasigusane. La pili, nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kwenye spika zote mbili. Ukigeuza moja, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inayeyuka na mwimbaji anakuwa hana mahali. Nimeona watu wanauza redio kwa hasara kwa sababu hiyo tu!

Waya wa kuogopa kurefusha ni ule mwembamba unaotoka kwenye simu au laptopu kwenda kwenye amplifaya. Ule unabeba umeme mdogo sana na unaokota miungurumo njiani, hasa ukipita pamoja na waya za soketi. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni laptopu na amplifaya zikae pamoja, pembeni, karibu na mkono wako, na waya mrefu uwe wa kwenda kwenye spika. Wengi tunafanya kinyume chake. Kwa sabufa ambayo amplifaya iko ndani ya boksi lenyewe huna jinsi ya kuvitenganisha, lakini spika ndogo bado unaweza kuzihamisha, na boksi lenyewe linaweza kuwa chini pembeni, kwa sababu sauti nzito sana sikio halijui vizuri inatoka wapi.

Hapo sasa kwenye sauti nzito ndipo pana ugomvi wa kweli, na ndipo nilipotaka kufika. Sauti nyembamba ya hezi 10,000 ina urefu wa wimbi kama sentimita 3.4, pazia tu linaipunguza. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 6.8! Hilo wimbi ni refu kuliko chumba chako. Ukuta wa tofali moja haulishtui. Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo wako, anasikia dum... dum... dum... saa saba usiku. Na ukiiweka sabufa kona, umelipa nguvu zaidi, kwa sababu sakafu na kuta mbili zinairudisha besi, na kila uso wa namna hiyo unaweza kuongeza mpaka kama desibeli 6. Wapo wanaopenda kona kwa sababu hiyo, wanasema ni besi ya bure. Si ya bure, anailipia mtu wa upande wa pili wa ukuta.

Muhula uliopita chini yetu alikuwepo jamaa aliyekuwa na sup mbili. Asipofaulu anadisko, basi. Yuko chumba ambacho wanabebana, kitanda kimoja watu wawili, kwa hiyo muda wake wa kupiga msuli ni usiku wenzake wakilala. Juu yake kuna sabufa imekaa sakafuni kona, miguu ya plastiki imegusa sakafu moja kwa moja. Alipanda mara mbili kuomba kwa adabu. Mara ya tatu hakupanda kwa adabu, na mambo yakaishia kwa uongozi wa bweni, watu wazima wenye akili zao wakiandikishwa maelezo kwa sababu ya redio. Na kila mmoja alikuwa anaamini yuko sahihi, maana mwenye sabufa alikuwa anaapa hajafungulia sana. Na alikuwa mkweli! Ndani ya chumba chake haikuwa kubwa. Mahali ilipowekwa ndipo palipoipeleka kwa jirani. Ilipoinuliwa ikawekwa juu ya stuli yenye kipande cha godoro, ikatolewa kona na kisahani cha besi kikarudishwa nusu, malalamiko yalipungua sana. Hayakuisha. Godoro linazuia mtetemo wa sakafu lakini besi inayopita hewani bado inapita, hapo dawa ni kupunguza tu, na saa nne usiku kuvaa hedifoni.

Nasema hivi kwa sababu tumezoea kulijadili suala la kelele kama suala la tabia tu: huyu mstaarabu, yule mshamba. Nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na ni vizuri. Lakini nusu ya ugomvi wa bwenini ungeisha kabla ya sheria, kwa mtu kujua tu kwamba sabufa haikai kwenye ukuta mnaochangia na jirani.

Twende nyumbani sasa, maana likizo inakuja. Sebuleni kwetu, na nadhani kwenu pia, redio ni heshima ya nyumba. Inakaa kwenye kabati kubwa katikati, spika kushoto na kulia ndani ya vyumba vya kabati, glasi za wageni juu, vitambaa alivyofuma mama kila mahali, picha za mahafali zimepangwa mbele ya spika. Ukimwambia mama uhamishe kitu hapo ujiandae. Na mimi namwelewa kabisa. Ile redio ilinunuliwa kwa shida, watu walichangishana, mgeni akiingia lazima aione. Sisemi tuwadharau. Nasema tuombe vitu vitatu tu, kwa heshima, "mama naomba nijaribu": picha zihame mbele ya spika, kitambaa kikunjwe redio ikiwashwa, na spika zivutwe mpaka ukingoni mwa rafu zisiimbie ndani ya pango. Kabati linabaki palepale, heshima inabaki palepale. Akisikia kwaya yake inavyotoka hatarudisha zile picha. Na akizirudisha, basi, ni nyumba yake.

Mwisho, kazi yetu. Kwenye shule niliyokuwa TP, mwalimu mwenyeji wa Kiingereza alikuwa na kipindi cha kusikiliza, kaspika kadogo juu ya meza ya mwalimu, simu imelazwa juu yake, wanafunzi 80 hivi darasani, bati juu, kuta tupu. Wa mbele wanaandika, wa nyuma wananakili kwa wa mbele. Ukiwaangalia unasema wa nyuma wavivu. Fizikia inasema vingine. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidishwa mara mbili sauti inashuka desibeli 6, kwa hiyo kutoka mita 1 mpaka mita 8 imeshuka 18. Darasani ukuta unarudisha kiasi, lakini kinachorudi ni mwangwi uliovurugika, na kinachopotea kwanza ni zile sauti nyembamba zinazotofautisha "saka" na "shaka". Mwalimu akiongeza sauti anaongeza na mwangwi. Tulijaribu kuitoa meza ya mbele, tukaiweka juu ya stuli juu ya dawati, kwenye njia ya katikati ya darasa, juu ya vichwa, simu ikashikwa mkononi, besi ikapunguzwa. Wa nyuma wakaanza kuandika majibu yao wenyewe, mengine ya makosa, lakini YAO. Hakuna hela iliyotumika. Niambieni, mwanafunzi anayepata sifuri kwa sababu ya mahali redio ilipowekwa, tumempima nini?

Kwa hiyo wadau, kwa wale wanaopenda mambo ya kunakili, huu hapa muhtasari:

1. Spika mbili na wewe, pembetatu yenye pande sawa, usawa wa masikio, pima kwa kamba.
2. Mitambo pembeni. Ikilazimika kuwa katikati, spika ziwe mbele yake.
3. Hakuna kitu juu ya spika wala juu ya sabufa. Hata eksteno. Hata chai.
4. Amplifaya ipumue, kitambaa kitoke.
5. Refusha waya wa spika, usirefushe wa simu.
6. Sabufa itoke kona, itoke ukuta wa jirani, ikae juu ya kitu laini.

Mtaniambia geto ni dogo, ukiachanisha spika mtu anajikwaa, ukiziweka dirishani zinaibiwa. Kweli yote hayo, na mimi naishi humuhumu. Sijasema mfanye yote sita. Fanyeni mawili, la tatu na la sita, kesho asubuhi, hayahitaji nafasi wala pesa. La tatu linalinda mali yako, la sita linalinda usingizi wa mwenzako, na nchi hii ina watu wengi waliogombana maisha kwa vitu vidogo kuliko sabufa.

Mwenye hoja nyingine ailete tubishane kwa heshima, hasa nyie wa uhandisi mnaopenda kusema walimu hatujui umeme. Mimi nakwenda kupiga msuli, nina karatasi ya saikolojia ya elimu Jumatatu na jirani wa juu leo, kwa rehema za Mungu, kalala mapema.